Kikombe Kimoja cha Kahawa, Bila Wageni

Jumamosi, 19 Februari 1955. Makambako.
Nimepewa likizo! Na si likizo tu. Bwana mpima ardhi, aliyekaa muda mrefu katika nyumba ya wageni ninayoitunza, amehamishwa leo asubuhi. Ameniachia nusu kopo la kahawa iliyosagwa. Siku zote hizo nilikuwa namtazama. Kila alasiri anaketi barazani, kikombe mkononi, kitabu gotini, gramafoni inaimba. Hakuna anayemsalimu. Hakuna anayemwomba chumvi. Saa nzima! Nami naitaka saa kama ile, mara moja tu, kabla sijazeeka. Mke wangu Idda yuko Tandala kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo nyumba yetu ya Njombe ni tupu. Kahawa ninayo. Kitabu nimeazima, ni cha ufugaji wa kuku, lakini kitabu ni kitabu. Gramafoni anayo jirani yangu Laurenti, fundi seremala, mtu mwenye mkono wa birika. Huyo niachieni mimi.

Jumatatu, 21 Februari. Njombe.
Jana lori lilikwama kwenye tope. Nimefika nimelowa chapachapa. Kopo kavu kabisa, maana koti nililivalisha kopo. Leo ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Nikachemsha kahawa. Kosa kubwa. Kwa baridi hii harufu haipandi juu, inatambaa nyumba hadi nyumba kama mtu anayepeleka habari za msiba. Kikombe hakijagusa mdomo, nasikia "Kamwene!" mlangoni. Laurenti, ati amekuja kuulizia hali ya Idda. Nyuma yake Mzee Tarsis, mgema wetu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Nyuma ya Mzee Tarsis, mkewe, na kibuyu cha kubebea chochote kitakachobaki. Mtu akibisha hodi una kitu motoni, unamkaribisha. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi sina ujasiri wa kuwa wa kwanza kukataa. Mzee Tarsis akasema kahawa ni chungu mno, hainyweki. Akaomba tena. Mimi nimebakiwa na machicha.

Jumanne, 22 Februari.
Nimepata akili. Kopo linang'aa na kila mtu ameshaliona. Lakini nani atashughulika na mbeta moja kati ya mbeta mia? Msimu ndio huu, na shamba la mianzi la Mzee Tarsis limejaa hivyo vipande vya mwanzi. Kila kimoja kimefungwa kwenye chipukizi lililokatwa ncha, kinakinga ulanzi tone kwa tone. Nimechukua mbeta yangu kuukuu, nikaikausha vizuri, nikamimina kahawa yote ndani. Nikaenda kuitundika kwenye chipukizi lililokauka, ambalo mzee ameshaliacha. Nikarudi nyuma kidogo nikaitafuta kwa macho. Hata mimi sikuiona. Mpima ardhi mwenyewe asingeipata. Itakaa humo mpaka nipate gramafoni.

Jumatano, 23 Februari. Majivu.
Siku hii ndiyo niliyokuwa naingojea. Laurenti ni Mkatoliki wa Uwemba, Mkatoliki wa kweli, na kila Kwaresma hujinyima kitu. Nimemkuta anapiga randa, majivu kwenye paji la uso. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, mwaka huu anajinyima nini. Akasema pombe. Nikamwambia pombe kila mtu anajinyima, hata walevi huahidi. Anayempenda Mungu hujinyima kile akipendacho kuliko vyote. Akaitazama gramafoni yake kama mtu anayemuaga binti anayeolewa mbali. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini mikono nilikuwa nimeshainyoosha. Pombe ameisamehe. Gramafoni nimeibeba mwenyewe.

Alhamisi, 24 Februari.
Mkono wa kuzungushia haumo! Nimekwenda kuuliza. Laurenti anasema niliomba sanduku, na sanduku nimepewa. Mkono ameufungia kabatini, asije akashawishika kuja kuuzungusha kwangu. Nimejaribu kuizungusha santuri kwa kidole. Mwimbaji akatoa sauti ya ng'ombe anayezaa. Laurenti akaja kuketi chini ya dirisha langu, amegeuza mgongo ili asisikie. Mguu wake ulikuwa unacheza. Akasema kupitia dirishani kwamba nazungusha polepole mno, namwaibisha mwimbaji. Basi, muziki si lazima. Kesho kahawa na kitabu cha kuku.

Ijumaa, 25 Februari.
Nimeamka nikakuta shamba langu la mahindi limepaliliwa lote. Sikumwagiza mtu. Nikafurahi. Nikaenda kwenye mianzi. Mbeta haipo!
Nimemkuta Mzee Tarsis uani, macho kodo, jembe bado begani. Akanieleza mwenyewe. Jumanne jioni aliona mbeta kwenye chipukizi alilodhani limekauka. Akajilaumu kwa uzee, akalikata ncha upya, na lo, likatoa. Jana akaiteremsha, ulanzi mweusi kama lami. Mtu mwingine angemwaga. Yeye akaonja. Akamwita mkewe, akamwita Laurenti, wakaita mtaa mzima. Anasema ulanzi wa kawaida humlaza mtu, lakini huu uliwainua. Hawakupata hata lepe la usingizi, na kukaa bure wakaona aibu, ndipo wakachukua majembe. Walipomaliza kwao wakaja kwangu. Sasa wanataka kujua ule ni mwanzi wa aina gani, wapande mwingine.
Nilitaka kulia. Niseme nini? Niseme kahawa ni yangu, niliwaficha? Jina la mchoyo halifutiki Njombe, wajukuu wangu wangelirithi. Nikasema Mungu ni mwema. Mkewe akaniletea kibuyu, akaniambia wamenibakizia. Machicha.

Jumapili, 27 Februari.
Idda amerudi. Mtoto mzima, dada mzima. Amefungua kanga akatoa kifurushi. Kahawa! Alikutana na mchuuzi kutoka Tukuyu, akaipata kwa kumpa maharagwe yake yote. Anasema kila nikija likizo humsimulia baraza ya mpima ardhi, naye huwaza mimi nitakaa barazani kwangu lini.
Akachemsha, mlango wazi, kama mwendawazimu. Wakaja wote. Laurenti kaja na ule mkono mfukoni, ati Jumapili haihesabiwi katika Kwaresma. Gramafoni ikaimba. Mvua ikanyesha. Idda akaniomba nisome, nikawasomea sura ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, kuanzia mwanzo, na mke wa Mzee Tarsis akatokwa na machozi kwa ajili ya vifaranga. Kikombe changu kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile. Idda ameegemea bega langu, anasema akiwa peke yake nyumba hii huwa baridi sana. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jumatatu, 28 Februari.
Kahawa imebaki nusu ya kifurushi. Wote wamesema watarudi Jumapili ijayo. Na Idda anamimina kama maji ya mtoni! Nimewaza sana kosa langu la wiki iliyopita, na nimelijua: mahali palikuwa chini mno. Nyuma ya mianzi kuna mti, na juu yake umetundikwa mzinga wa zamani wa Mzee Tarsis. Nyuki walihama siku nyingi. Nimeweka sikio, kimya. Idda ameenda kisimani. Napanda.

Jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto. Jicho moja halifunguki. Nimemwambia Idda ni upupu. Ananikanda kwa maji ya moto, na anatafuta kahawa aninyweshe nipate nguvu, haioni. Masikini, anajilaumu kwamba ameipoteza. Lakini mpango umefaulu. Hakuna mtu Njombe nzima atakayethubutu kuigusa. Mimi mwenyewe nitangoja kidogo, mpaka nyuki wanizoee.