Daraja la Mfereji na Mafiga Yake Matatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka semina ya kugharamia maendeleo ya dunia. Maendeleo yana mafiga matatu: serikali, kodi na mwekezaji. Figa moja haliinjiki chungu!

Nyumbani, msiba. Mvua imesomba ubao wa kuvukia mfereji. Wateja wa mke wangu, fundi cherehani, wanafika ukingoni, wanageuza. Anasema nipigilie mbao mbili, basi. Eti kinyozi, jirani yetu wa nyuma ya ukuta, keshapigilia zake. Kinyozi! Nimemweleza kuwa mbao mbili si mradi. Kajibu kwamba Jumapili ikifika hakuna daraja, anahamishia cherehani kwenye baraza la kinyozi.

Jumanne, 4 Machi
Figa la kwanza. Karani wa mtaa kasema mfereji ni wa idara ya maji, ila hewa iliyo juu yake ni ya idara ya barabara. Nitafute kwanza kibali cha hewa. Angalau hakukataa.

Jumatano, 5 Machi
Figa la pili. Nimeketi ukingoni na kopo, namtoza kila anayeruka. Bibi muuza mkaa kauliza analipia daraja lipi. Nikamwambia litatokana na kodi. Akasema basi nayo kodi itatokana na daraja. Akaruka. Umri ule, jamani!

Mapato ya leo: kifungo cha shati.

Ijumaa, 7 Machi
Figa la tatu! Shemeji, kaka wa mke wangu, muuza mbao, atajenga kwa gharama zake. Masharti madogo tu: atawatoza wavukaji miaka ishirini, na wasipovuka, nafidia mimi. Nikatia sahihi mbio mbio asije akaghairi. Mke wangu kaguna. Wivu wa kitaalamu.

Jumamosi, 8 Machi
Daraja hilo! Lina geti, lina mlinzi. Watu wamelisifu sana, kisha wakavukia kwa kinyozi, bure. Hasidi mkubwa yule. Jioni shemeji kaja kuchukua fidia. Kachukua na redio.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kasema daraja lisiloleta wateja si daraja, kaomba nimsaidie kubeba cherehani hadi kwa kinyozi. Nikashika upande mmoja. Getini mlinzi akatutoza: watu wawili, na mzigo mmoja. Nikalipa mimi. Mke wangu akanishikia upande wangu wa cherehani nihesabu sarafu, na hapo ndipo palipouma.

Nyumba imepooza. Nimezoea kelele za ile mashine, na leo nimezililia, sioni haya kusema.

Jumatatu, 10 Machi
Hapana, tusikate tamaa. Daraja limeanza kuingiza pesa! Mlipaji ni mimi peke yangu, lakini kila soko huanza na mtu mmoja. Kosa halikuwa mpango, ni kwamba mradi ulikuwa mdogo mno.

Nimempelekea shemeji wazo la awamu ya pili: tutoboe mlango kwenye ukuta wa kinyozi, niwe naingia kumwona mke wangu bila kuzunguka. Kafurahi mno. Ataweka geti na mlinzi. Masharti ni yale yale, na kalamu nilikwenda nayo mwenyewe.