Saa Mbili ya Mama

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata! Miezi saba natafuta tatizo la kutatua, kumbe lilikuwa jikoni linamenya vitunguu. Kituo cha ubunifu kinataka programu ya simu ya kumsaidia mtu wa kawaida. Mashindano ni Alhamisi asubuhi. Na nani wa kawaida kuliko Mama? Ana presha. Anameza kidonge kila siku saa mbili asubuhi, na hana chochote cha kumkumbusha. Miaka kumi na moja sasa! Amewezaje? Ajabu kweli. Lazima nichunguze. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mama kasema vidonge vimebaki vitano. Kanipa karatasi ya kliniki nimsomee tarehe ya kurudi, maana maandishi ni madogo na miwani yake ilishavunjika. Akiikosa siku hiyo, foleni ni miezi mitatu tena. Nimemwambia sawa. Nyuma ya karatasi kulikuwa kweupe, nikachora kitufe cha kwanza. Kizuri mno.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Jana niliiweka programu kwenye simu ya Mama, nikaandika 2:00, kwa kuwa Mama kasema saa mbili na mimi namsikiliza mteja. Simu haijui mambo hayo. Kwake 2:00 ni saa nane usiku! Ikalia king'ora, halafu sauti yangu mwenyewe ikamwamuru ameze dawa. Mama kameza, maana mwana kasema. Asubuhi, saa mbili yenyewe, muuza mkate kapita na baiskeli, kapiga honi, paa-paa. Mama kachukua mkate wake na, hana hili wala lile, kameza kidonge kingine. Kashinda siku nzima anatembea kashika ukuta.

Ila nimegundua siri! Ni ile honi. Dawa haitaki tumbo tupu, kwa hiyo mkate na kidonge huenda pamoja, na honi ndiyo humkumbusha. Nimekaa nikashangaa mpaka chai ikapoa. Kumbe nina mshindani, na ana baiskeli.

Jumatano, 6 Machi

Alfajiri nimemvizia muuza mkate kwenye kona ya kinyozi. Nimemwomba kwa adabu apite kimya leo tu, kwa ajili ya uchunguzi. Kauliza Mama atajuaje kama mkate umefika. Nimemwambia hapo ndipo programu inapoingia. Kauliza kwani programu inaoka? Watu wengine hawana upeo. Hata hivyo kakubali, shingo upande.

Saa nilikuwa nimeirekebisha, kosa hapo si langu. Mama alikuwa ameiviringisha simu kwenye blanketi na kuifungia kabatini, isimwamshe tena. Ikalia humo peke yake. Honi hakuna, mkate hakuna, kidonge hakuna. Jioni kichwa kikaanza kumgonga. Nimemkuta kakaa kitandani kafumba macho, na hofu ikaniingia kweli. Nimempikia chai. Kaniuliza kama nimeisoma ile karatasi. Nimesema nakaribia kumaliza. Nilimaanisha michoro.

Muuza mkate kaja kumjulia hali. Natoka jikoni, namkuta kashika karatasi yangu niliyoiacha mezani! Mwizi wa mawazo! Lakini alikuwa anatazama ule upande usio na michoro. Nikamsamehe. Hajui hata penye mali.

Alhamisi, 7 Machi

Kituoni. Viti vinavyommeza mtu mzima mzima. Ukutani wameandika: TUMSIKILIZE MTU WA KAWAIDA. Nimemkalisha Mama mbele, kidonge kwenye leso, kipande cha mkate wa juzi kwenye mkoba. Mara mbili alitaka kusema jambo. Mkuu wa majaji akamwomba, kwa upole, asikatize maelezo yanayomhusu. Jaji mwingine akaniuliza kama Mama anaweza kuzidishwa mara milioni. Nikasema bila shaka.

Saa mbili kamili. Nikainua kidole. Simu kimya! Mtandao wa kituo ulikuwa umekatika. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mara, dirishani: paa-paa.

Mama akala kipande chake cha mkate, akafungua leso, akameza kidonge, akasimama.

"Mwanangu, tarehe ni ya leo," akaniambia. "Mwenye mkate ndiye kanisomea. Mimi naenda kliniki."

Akatoka. Nikawaona kupitia dirisha, Mama kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kapakata kikapu cha mikate. Miguu ilitaka kumfuata, lakini nilikuwa nimebakiza picha nne za kuonyesha.

Nikageuka. Majaji wote walikuwa wamesimama, wanapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Ijumaa, 8 Machi

Nafasi ya kwanza! Majaji wanasema ile sauti imewagusa moyo, hawajapata kusikia kitu kama hicho. Programu itaitwa Honi. Itapiga paa-paa kwenye simu milioni moja, na baiskeli haitahitajika. Nimemweleza muuza mkate habari njema. Kauliza, sasa hao milioni moja atawapeleka nani kliniki? Nimemwambia hilo tutaliangalia kwenye toleo la pili.

Mama yuko salama. Daktari kambadilishia dawa, kasema presha ilikuwa imepanda vibaya na kwamba angengoja miezi mitatu tungekuwa tunazungumza mengine. Nimemshukuru Mungu. Nimemwomba Mama radhi, kwa machozi, na kanisamehe. Kacheka hata. Kisha kanipa karatasi mpya nimsomee tarehe. Nami, kwa kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nimemuuliza ni ya lini. Kasema hicho ndicho anachotaka kujua.

Sawa, Mama, nimemwambia, naifanyia kazi sasa hivi.

Nimeigeuza. Nyuma ni nyeupe kabisa, haina hata mkunjo. Kitufe cha Honi kitakaa hapa katikati.