Kikohozi cha Kumwamsha Cornelia

Jumatatu, 4 Mei 2020

Wiki ya saba sasa Cornelia anautazama ukuta. Ukuta wangu! Niliukandika mwenyewe, naujua, hauna kitu cha kutazamwa wiki saba.

Huyu ni mjukuu wangu, miaka ishirini na mbili, anasomea ualimu Dodoma. Walipofunga vyuo kwa ajili ya korona akaja kwangu hapa Kasense, maana baba yake, Fabiani, yuko bandarini Kasanga na chumba chake ni cha mtu mmoja na ndoo. Nilifurahi. Nilichinja jogoo. Akala paja moja, akaingia chumbani, akafunga mlango. Basi! Chakula namwekea mlangoni kama mfungwa. Sahani inarudi na ugali umesimama palepale kama kichuguu.

Kazi yake ni simu. Wamekufa wangapi Italia, wamekufa wangapi wapi. Nimeiita redio ya mazishi. Nilimwuliza ana nini. Akasema kila alichokipanga kimefungwa, mazoezi ya kufundisha, kwaya, marafiki, na yeye haoni wa kukifungua. Tena nisimkaribie. Nisimkaribie! Mimi niliyemwosha kwa mikono hii!

Kwa hiyo nimechukua daftari lake moja, jipya, yeye halitumii. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizipata darasa la ngumbaru, nyuma ya ghala la ushirika, Fabiani akiwa mgongoni ananikojolea. Zinanitosha. Humu nitaandika mipango. Kabla mwezi haujaisha mtoto huyu atacheka. Asipocheka, mnizike bila kwaya.

Jumatano, 6 Mei

Otilia amepita. Jirani yangu, mwenzangu wa ubatizo, adui yangu tangu usichana. Mumewe alikuwa mrefu, wangu akawa na ng'ombe. Amesema mjukuu wake Monika anashona barakoa za vitenge tangu Pasaka na nusu ya parokia inazivaa. Wangu je, anafanya nini? Nikasema anasoma. Anasoma nini? Nikasema vitu vizito, hata nikimtajia hatavielewa. Akaondoka anatabasamu. Tabasamu lile! Nimekaa nalo kifuani mpaka sasa.

Lakini mpango ninao. Ulezi wangu umeiva. Desturi yetu ni moja: unapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, unaita watu, wanavuna, wanakunywa. Vijana watakuja, wataimba, Cornelia atasikia, atatoka. Kimea kimeshachacha, bado kumimina maji ya moto tu.

Wamesema watu wakae mita moja. Sawa! Kimpumu hunywewa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kinachosogeza vichwa ni ufupi wa mirija. Basi nimekata matete kumi, kila moja mita na robo. Hakuna daktari aliyewaza hilo. Akili haisomewi!

Jumamosi, 9 Mei

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.

Walikuja tisa. Walivuna vizuri, waliimba. Saa nane wakakaa kuzunguka chungu, mbalimbali kabisa, mirija imenyooka kama vijiti vya mwavuli. Nikajaa fahari. Na mlango ukafunguka! Cornelia akasimama mbali, kanga puani. Nikamwambia aone kazi ya bibi yake. Akaangalia chungu. Akaangalia watu. Akasema, Bibi, wao wamekaa mbalimbali, lakini midomo yao yote imekutana humo ndani.

Akarudi ukutani.

Nikasema maji yalikuwa ya moto. Mirija ikaanza kutoka midomoni, mmoja mmoja.

Kisha pikipiki. Isakwisa, muuguzi wa zahanati, kijana wa Tukuyu huko kwenye ndizi. Nani alimpigia? Otilia! Otilia aliyekuwa amevuta kuliko wote, mpaka mrija wake unalia! Isakwisa akanipa shikamoo yangu kwa adabu zote, kisha akamwaga chungu chote. Kuku wangu wanayumba hadi sasa.

Nikamwambia mimi nimezika mume na watoto wawili, nimepita surua, ndui na kipindupindu, hiyo korona ikifika ipange foleni. Akasema ndicho anachokiogopa, mama, kwamba foleni yenyewe imebaki fupi. Mtoto hana haya. Nimempa maboga mawili, amekonda.

Jumatatu, 11 Mei

Ugali wa mchana umerudi mzima. Wa jana pia. Nimemwona shingo alipopokea maji. Mifupa!

Nimekaa jikoni nikajiuliza, mimi ni lini niliwahi kulala nikatazama ukuta? Hata mwaka ule wa kuzika wawili? Sikuwahi. Sikupata nafasi. Kila nilipotaka kulala kulikuwa na mtu analia, anaharisha, anataka uji. Mgonjwa ndiye aliyeniinua. Ndani ya nyumba hii hakuna mgonjwa. Hiyo ndiyo kasoro!

Basi awepo. Kesho nakohoa.

Jumanne, 12 Mei

Nilikohoa saa moja asubuhi, baada ya kujaza tumbo viazi kwanza. Kikohozi safi, cha chini kabisa, kama trekta linalokataa kuwaka. Mara ya tatu nikaongeza mluzi mwishoni.

Mlango uligonga ukuta! Cornelia huyo! Barakoa usoni, mikono imeshapigwa sabuni, akaanza kuamuru. Bibi lala hivi. Bibi usiongee. Akafungua madirisha, akachemsha maji, akakoroga uji, akafua mashuka, akafagia ua wote. Na nikaona macho yake. Miezi miwili sikuwa nimeyaona kwa ukaribu ule. Nilitaka kuinuka nipige vigelegele, ila nilikuwa mahututi.

Dosari moja ndogo. Amempigia Isakwisa. Akaja na kipimo cha joto, akanielekezea kwenye paji. Sina homa. Lakini akasema kwa historia ya chungu kile hawezi kucheza na mimi. Siku kumi na nne ndani! Ametufungia njia kwa kamba. Otilia amesimama ng'ambo ya kamba, ananililia kwa sauti ya matanga, na katikati ya kilio akauliza jembe langu jipya litabaki na nani.

Ijumaa, 15 Mei

Kalamu imekuwa nzito leo.

Cornelia alikuwa nyuma ya nyumba, anazungumza na baba yake kwa simu. Dirisha langu liko wazi kwa amri yake mwenyewe, kwa hiyo si kosa langu kusikia. Alisema basi la kutoka Dodoma lilijaa, watu wanakohoa njia nzima. Kwamba ndiyo maana alijifungia wiki zote zile, alikuwa anaogopa kuniletea. Kwamba kila siku alikuwa akisikiliza ukutani kama natembea. Kisha akasema, Baba, nimemuua Bibi.

Kumbe hakuwa anautazama ukuta. Alikuwa ananisikiliza mimi.

Mtu mwingine angetoka pale pale akasema kweli. Mimi nikapata mpango bora zaidi: kupona! Mchana nikaketi, nikaomba ugali, nikaimba ubeti mmoja wa Bikira Maria. Cornelia akaja mbio. Amesoma kwenye simu kwamba wagonjwa wengine huchangamka kidogo, halafu ndiyo moja kwa moja. Amenilaza tena, na blanketi la pili.

Redio ya mazishi! Mtu hawezi hata kupona kwake mwenyewe!

Jumapili, 17 Mei

Nimekamatwa.

Mbuzi wa Otilia waliingia kwenye ulezi wangu niliouanika. Ningefanyaje? Nikatoka kwa dirisha. Nikawafukuza hadi kwenye mipaka, kwa mbio, kwa mawe, kwa matusi ya Kifipa, maana Kiswahili hakina ukali wa kutosha kwa mbuzi. Nikageuka. Cornelia amesimama na bakuli la uji.

Nikakohoa. Haikusaidia.

Amenifokea! Mbele ya mbuzi! Alisema mimi ni mwongo, mimi ni mtoto, mimi sina huruma. Alisema siku tano hajalala, anahesabu pumzi zangu. Alisema ameshachagua hata kitenge cha kunizika. Nikauliza kipi. Akasema cha bluu. Nikasema cha bluu kiliungua na pasi mgongoni. Akasema mgongoni nani angeona?



Kisha akacheka. Alicheka akakaa chini, uji ukamwagika, akalia, akacheka tena. Nikakaa kando yake, na haikuwa mita moja. Nikamwambia, mke mwenzangu, siku yangu ikifika nitakufa kwa ukaidi wangu mwenyewe, wala sitakuomba usafiri wa kunipeleka. Usinibebe kabla sijaanguka. Akasema nisimfanyie tena. Nikasema ndiyo. Akasema niape. Nikasema mbuzi wamerudi.

Otilia alituona toka ng'ambo ya kamba, akatangaza kwa njia nzima kwamba ugonjwa sasa umepanda kichwani.

Jumatano, 27 Mei

Kamba imefunguliwa jana. Isakwisa aliposikia ukweli hakutusamehe hata siku moja, alisema kumi na nne ni kumi na nne, mwongo na mkweli. Nimempa boga moja tu safari hii.

Lakini ulezi wote tumeupura wawili, ndani ya kamba. Cornelia ana malengelenge viganjani na anawaonyesha wenzake kwenye simu. Redio ya mazishi siku hizi inapiga hata vichekesho. Anakula. Jana aliongeza! Siku mbili hivi alirudi chumbani akalala kutwa, sikatai. Nilikaa mlangoni nikimenya maharage kwa kelele. Alitoka mwenyewe, akasema nayamenya vibaya.

Otilia amekiri mjukuu wangu ana mikono. Alikiri akitazama pembeni, ila nimelihesabu hilo.

Jumamosi, 30 Mei

Vyuo vinafunguliwa Jumatatu. Amepanda basi asubuhi, barakoa ya Monika usoni, dirisha wazi upande wake, kaniahidi. Nilimwuliza kama hofu imekwisha. Akasema haijaisha, Bibi, ila ana kazi nyingi.

Nilimpa unga, karanga, na mrija mmoja wa mita na robo. Aliufunga kwenye begi. Ulitokeza juu ya watu wote pale stendi.

Sikulia. Vumbi la stendi ya Sumbawanga linajulikana.

Jumatano, 3 Juni

Nimelala chumbani kwa Cornelia. Si huzuni! Nakagua ukuta. Una ufa pale juu, na kuna mdudu anayepita asubuhi na kurudi jioni. Jana sikupika, kwa ajili ya nani? Kuni zenyewe zina unyevu.

Cornelia amepiga simu. Kauliza nimekula nini. Nikasema vingi. Akauliza vipi na vipi. Nikamwambia anamaliza salio bure. Kisha akaomba nimtajie namba ya Otilia, eti anataka kumsalimia Monika. Nikampa. Vijana wana mapenzi na watu wa ajabu.

Jumatatu, 8 Juni

Asubuhi Otilia amekuja mpaka kwenye kitanda changu, anachechemea. Mguu wa kulia, ameushika kwa mikono miwili, anaugulia kama mtu wa uchungu wa uzazi. Ulezi wake unapukutika shambani, Monika yuko Mwazye kwa shangazi yake, na mtu wa kumsaidia hana. Nilimwambia wazi: mwanamke mzima, kulegea namna hii! Angeniona mimi siku zile za kikohozi, ningekufa nimesimama!

Nikainuka. Nani mwingine angeinuka? Nikanawa, nikachukua kisu. Tumevuna mpaka saa saba, mimi nikimsimanga, yeye akiugulia. Kisha akanipikia ugali na maharage, akakaa mbele yangu akanitazama mpaka tonge la mwisho. Hana adabu, nani humtazama mtu anakula? Nikala sahani mbili ili kumwonyesha.

Baadaye nilimsikia nyuma ya ghala lake anaongea na simu, sauti ya chini. Anasema ameamka, ndiyo, amekula vizuri, kesho ataendelea kumtoa nje. Nadhani ni yule mbuzi wake jike, alikuwa mgonjwa.

Ila mguu umenitia wasiwasi. Asubuhi alichechemea wa kulia. Saa tisa, akinisindikiza, alikuwa anachechemea wa kushoto! Nilimwuliza. Akashtuka, akasema maumivu yamehama. Maskini, hata yeye halijui tatizo lake. Wengine wangesema anaigiza, lakini mimi mtu wa kuigiza ugonjwa namtambua toka mbali, kazi hiyo naijua.

Kesho natoka alfajiri kabla sijanywa chai. Hali yake ni mbaya kweli: ugonjwa umemaliza wa kulia, umehamia wa kushoto, na mguu wa tatu hana.