Kikao cha Jumamosi na Kaptula za Goba

Jumamosi, 4 Juni 1994

Kikao kimedoda tena. Mama Auleria, mwenye kiwanda chetu cha kushona sare hapa Mwananyamala, alirudi kutoka semina ya wafanyabiashara na maswali matatu, na kila Jumamosi mchana lazima tuyajibu: wiki hii nini kimekwenda vizuri, nini kimekwenda vibaya, tubadili nini. Leo tumekaa kwenye mabenchi dakika arobaini. Mzee Kondo, mkataji, kasema anamshukuru Mungu. Raudha wa cherehani ya kwanza kasema hakuna tatizo. Mimi, mpimaji, nimesema naungana na wenzangu waliotangulia.

Tatizo lipo. Limekaa mlangoni kwenye magunia mawili: kaptula arobaini zimerudishwa na shule moja ya Goba. Mwalimu mkuu kaandika kwamba wavulana wake wanakimbia mchakamchaka kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno zisidondoke.

Mama Auleria kayatazama magunia, katutazama sisi. Kasema mwisho wa mwezi anakwenda kwao Bukoba na anahitaji msimamizi wa kumwachia funguo za stoo. Atakayeweza kuwafanya watu wazungumze kwenye kikao, tena wakifurahi, ndiye huyo.

Nazitaka funguo hizo. Nimezitaka miaka minne. Nimeshachagua na upande wa mkanda nitakakozining'iniza.

Jumatatu, 6 Juni

Sanduku la maoni! Nimelitengeneza mwenyewe kwa boksi la sabuni, tundu juu, pembeni nimezungushia vipande vya kitambaa cha bluu. Mtu aandike linalomkera, hakuna jina, hakuna aibu.

Limetoka safi sana. Mimi ni mtu nadhifu, siwezi kuvumilia kitu chenye ncha chakavu. Hata futi kamba yangu niliipunguza mwezi wa nne, ilipoanza kuchanika mwanzoni. Inchi mbili tu, na sijawahi kumpima mtu mwenye kiuno cha inchi mbili. Raudha kaliangalia sanduku, kauliza limekuja kutufunga midomo au kutufungua. Wivu.

Jumatano, 8 Juni

Nimefungua. Maoni mawili na ganda la karanga. La kwanza linaomba sanduku liondolewe kwenye meza ya chai. La pili linasema Nikodemu, yaani mimi, apunguze hotuba.

Jina hakuna, lakini mwandiko ni wa Raudha. Nimemwendea kwa ukali kumuuliza. Kakubali papo hapo bila kuacha kushona, kisha kauliza: hili sanduku ni la siri au la polisi? Mafundi wote wamecheka. Imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 11 Juni

Nilijua dawa ni chakula. Mtu aliyeshiba husema. Nimenunua mihogo ya kukaanga sinia zima, na kachumbari, na pilipili ya kusaga. Nimeipanga katikati ya kikao, nikatangaza kwamba leo tutatathmini huku tukitafuna.

Walitafuna. Mama Auleria kauliza nini kimekwenda vizuri, akajibiwa na midomo iliyojaa. Alipouliza nini kimekwenda vibaya, ndipo Mzee Kondo akainua kidole. Nikajikaza kwa furaha. Kasema chumvi imezidi. Raudha akaongeza kwamba mihogo ya mwisho ya sinia ilikuwa mibichi kwa ndani. Mpiga pasi, ambaye sijapata kusikia sauti yake tangu mwaka juzi, kaeleza kwa kirefu jinsi dada yake anavyochagua mihogo pale Mabibo. Mjadala umekwenda saa nzima. Kaptula hazikutajwa.

Mama Auleria kaandika kwenye daftari la vikao: ajenda ya kwanza, mihogo. Kaniambia nimebakiwa na Jumamosi moja, kisha zamu itakuwa ya Raudha kujaribu. Usingizi sijui kama nitaupata.

Jumanne, 14 Juni

Nimetoka msibani kwa jirani yetu, Mnyamwezi mwenzangu. Majonzi. Lakini walikuja watani wetu Wazaramo, na mmoja wao akavaa koti la marehemu, akaiga alivyokuwa akijificha chooni ikifika zamu yake ya kufagia uwanja. Mjane kacheka huku analia. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli, tena kweli ya kuchoma, na hakuna aliyenuna, kwa sababu ni utani.

Nilisimama nimeshika sahani ya wali mpaka ukapoa. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye kikao chetu! Mzee Kondo ni Mzaramo wa kuzaliwa Kisarawe. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Watani tayari tunao, tunawanyima nafasi tu.

Alhamisi, 16 Juni

Mambo mazuri hayaji moja moja. Leo wenzangu walipokwenda kunywa chai nimefungua gunia la Goba na kupima kaptula kwa futi kamba yangu. Daftari langu linasema kiuno ishirini na nne. Kaptula inasoma ishirini na sita. Nyingine hivyo hivyo. Zote! Mzee Kondo anazidisha inchi mbili kila anapokata.

Maskini mzee, macho yamechoka. Ningeweza kumwambia faraghani, lakini funguo hazitolewi faraghani. Nitamwambia Jumamosi, kwa utani, mbele ya watu.

Mama Auleria kaipenda habari ya watani. Mke wangu Demetria kauliza kama Mzee Kondo naye ataruhusiwa kunijibu. Nimemwambia bila shaka, ndiyo raha yenyewe. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 18 Juni

Nimefungua kikao mimi. Nimesema mtani wangu Kondo kazeeka mpaka mkasi unamwongoza yeye, na kwamba Wazaramo wakikata kaptula huacha nafasi ya ngoma kuchezwa ndani. Watu wamecheka. Nikainua kaptula ya Goba, nikaipima mbele yao. Ishirini na sita. Nikamuuliza anajitetea vipi.

Mzee Kondo kasimama taratibu. Kasema: mie, mtani wangu Mnyamwezi, nakata ninachoandikiwa. Kisha akanifuata na kunivua futi kamba shingoni, kwa haki ya utani, nami nikainua mikono huku nacheka. Akailaza mezani kando ya yake. Yake imeanza kabla ya moja. Yangu imeanza na mbili kamili, ukingo umenyooka vizuri sana.

Watu wameinamia meza. Halafu kiwanda kimelipuka. Raudha kaporomoka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Mpiga pasi kazunguka chumba anakimbia mchakamchaka, mkono mmoja kiunoni. Mama Auleria kavua miwani, kafuta machozi, kavaa, kanitazama, kavua tena. Mzee Kondo kasema alikuwa anajua tangu mwezi wa tano, ila aliona haya kumwaibisha mwenzake mbele ya mwajiri, mpaka mwenzake alipomkaribisha mwenyewe.

Baada ya hapo walisema yote. Pasi inayovuja majivu, uzi unaokatika, mlango wa stoo, hotuba zangu. Saa mbili nzima! Raudha kachukua chaki, kaandika ubaoni nini kirekebishwe, na nani, na lini. Mbele ya kaptula arobaini kaandika Nikodemu, kwa mkono, kabla ya Ijumaa.

Mama Auleria kasema hajapata kuona kikao kizuri namna ile. Kanipa mkono wa pongezi. Funguo kampa Raudha. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma, na njiani kurudi nyumbani nimeona uchungu ambao sikuutegemea. Mzee Kondo anaikalia futi kamba yangu mpaka nimpelekee jogoo, faini ya utani.

Jumatatu, 20 Juni

Nimetafakari. Kosa liko wazi: vikao vinakuwa na watu wengi mno, na watu wengi hutulizwa kwa wimbo. Jumamosi ijayo nitapendekeza wimbo wa kufungulia, nimeshatunga beti mbili.

Kaptula kumi na moja nimezibana. Vidole vimevimba. Msimamizi Raudha, ambaye nakiri ana utu, kaniletea futi kamba mpya na kusema Kaka Niko, hii itunze. Nzuri, ya njano, inanukia duka. Kasoro moja tu: kile kichuma cha mwanzoni kinakwaruza shingo na kinaharibu mwonekano. Nimekikata, pamoja na inchi moja ili ukingo ukae sawa. Kesho napima wasichana wa shule ya Mabibo, mia moja na ishirini.