Malalamiko Dhidi ya Mchomaji wa Uani

Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Wapangaji
Kutoka kwa: Dobi, ghorofa ya pili, upande wa uani

YAH: KUPIGWA MARUFUKU KWA UCHOMAJI WA NYAMA UANI

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, na nyuma ya salamu pokea hasira zangu, ambazo nimejitahidi kuzipiga pasi kabla ya kuzileta mbele yako.

Najua fika kwamba wewe mwenyekiti na huyo mchomaji ninayemlalamikia ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Hilo halinizuii. Ya kamati ni ya kamati, ya ukoo ni ya ukoo. Namwandikia mwenyekiti, ambaye ni mtu wa busara. Mchomaji, ambaye hana hata chembe, naomba asionyeshwe barua hii.

Tangu joto lianze, kila Jumamosi mchomaji hulitoa lile pipa lake alilolipasua katikati, akatia makaa, akatandaza wavu, na jengo zima likateremka uani na viti. Madhara yaliyonipata ni haya:

1. Moshi. Kamba zangu za nguo zinapita juu ya uani, na zilikuwepo kabla ya pipa. Juzi bwana harusi mmoja amenirudishia suti kwa matusi, maana wageni walimfuata ukumbi mzima wakidhani ndiye anayejua chakula kiko wapi. Mwalimu mkuu naye alivaa shati nililomfulia, na wanafunzi wakaanza kuulizia chakula kabla hata hajafungua kitabu. Mimi nauza usafi, Mwenyekiti. Siuzi mbavu.

2. Harufu. Inaingia ndani bila hodi. Jumamosi nakula mboga zangu za majani mezani peke yangu, pua inakula kingine, mdomo unakula kingine, na tumbo halijui limsikilize nani. Naomba harufu iamriwe kuishia ghorofa ya kwanza.

3. Vicheko. Hili ni zito kuliko moshi. Dereva wa lori, yule tunayemwita Tanki, huanza kusimulia kisa vizuri tu, nakisikia chote, halafu akifika penyewe mafuta yanadondokea makaa, chwaaa, na watu wanaangua kicheko. Mwisho wa kisa sijaupata hata siku moja. Nimewahi kuning'inia dirishani hadi kiunoni, si kwa kupenda, bali kuhakikisha kwamba anayechekwa si mimi. Ama visa visimuliwe kwa sauti mpaka mwisho, ama visianzwe kabisa.

4. Kiti. Kile cha buluu, chenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli, ni changu. Nilikiacha uani kwa bahati mbaya. Sasa anakikalia Tanki. Wewe Tanki unamjua. Kiti hakimjui, na kinalia mpaka huku juu nakisikia.

5. Sahani. Watu wakishashiba, mke wangu hunipandishia nyama imefunikwa kwa sahani nyingine, kama ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa! Nyama hiyo huwa naila yote, lakini ieleweke kwamba naila kama ushahidi.

6. Kuitwa. Humu jengoni nyama ikiiva mchomaji hunyanyua uso na kuita dirisha kwa dirisha, kila mtu kwa jina lake, na asiyeitwa hashuki. Ndivyo tulivyozoea na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Siku hizi akifika dirisha langu anamwita dada yake, anawaita watoto wangu, anaruka kwa jirani. Mbwa wa mlinzi anaitwa. Jamani, mbwa!

Najua mchomaji atajitetea kwa lile suala la stachi, kwa hiyo nalieleza mwenyewe kabla halijapindishwa. Siku hiyo alikuwa amenikabidhi koleo akaenda kunawa. Moto ukapanda. Katika kazi yangu kitu kikipata moto kupita kiasi unakinyunyizia, basi nikachukua chupa iliyokuwa mfukoni mwa aproni nikanyunyizia. Kwamba ndani yake mlikuwa na stachi ya kukazia kola, hilo ni jambo la kawaida kwa chupa ya dobi. Stachi yenyewe naipika kwa unga wa muhogo, haina sumu. Nyama ilikaza kidogo. Tanki alidai ubavu wake umesimama wenyewe kwenye sahani kama shati la benki, watu wakavunjika mbavu, na hapo ndipo mchomaji aliponinyang'anya koleo mkononi, mbele ya watoto wangu, akaniambia nirudi kwenye kola zangu.

Basi nimerudi. Tangu siku hiyo niko kwenye kola zangu. Na imeniuma, Mwenyekiti, siwezi kukuficha, maana tangu nimuoe dada yake, mtu huyo na mimi tulikuwa tunasimama pande mbili za pipa hilo hilo.

Kutokana na hayo, naomba kamati ipige marufuku uchomaji uani. Ikishindikana, nyama ichemshwe. Ikishindikana hilo nalo, ichomwe msimu wa mvua tu, chini ya miavuli, na watu wakiwa kimya. Pipa lipewe kazi ya kukinga maji, jambo ambalo mchomaji, akiwa fundi bomba, ataliweza. Makaa yaletwe kwangu kwa ajili ya pasi. Na mtaa wa pili uonywe mapema, kwa sababu nao nimewaona na kuni.

Nikiamini kwamba utalishughulikia suala hili bila kuangalia undugu, nakuombea afya. Wasalimie wote nyumbani kwako: wifi yake mke wangu, watoto, na mama mkwe akipiga simu. Mchomaji usimsalimie. Au msalimie, ila usiseme ni mimi.

Wako katika usafi,

Dobi

Nyongeza: Barua hii naipitisha chini ya mlango wako leo Jumamosi asubuhi, kabla makaa hayajawashwa. Nguo zote nimeshazianua, kamba ziko tupu, kwa hiyo kwa leo hoja ya moshi iweke kando. Chupa nimeiosha, nimeijaza maji matupu, waweza kuyaonja. Sina safari yoyote na dirisha nimeliacha wazi. Ukiniita mara moja tu nitasikia, shemeji. Usihangaike kurudia.