Picha Kumi na Mbili Bila Shikamoo

Jumatatu, 8 Julai
Nimeingia Singida mjini kutoka Kilimatinde. Mji wa watu huu! Mama Anastazia, mwenye studio, anatafuta mpiga picha mmoja. Tuko wawili: mimi na Fredrick wa Manyoni. Kila mmoja alete picha kumi na mbili za watu mtaani, mwisho Ijumaa. Nimechoka kupiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Nafasi hiyo ya studio ni yangu! Nimesoma kwenye simu siri za wapiga picha wanaozurura miji ya ugenini. Ya kwanza: usiseme na mtu kabla ya kumpiga picha, atajiweka pozi. Fredrick simwambii ng'o.

Jumanne, 9 Julai
Soko la kuku. Nimepita kimya, kamera kwapani. Bibi mmoja mwenye matenga akasubiri nimwamkie. Sikumwamkia, siri ni siri. Akawaambia wenzake kwamba kijana anayewapita wazee bila shikamoo ana lake jambo. Wote wakafunika kuku kwa kanga. Nimepata picha tano, zote za kanga. Fredrick nimemkuta amekaa juu ya ndoo, anakula kiazi cha yule bibi na kumuuliza habari za wajukuu. Hata kamera hajaitoa. Anaficha nini?

Jumatano, 10 Julai
Siri ya pili: simama mahali pamoja, maisha yatakuja. Nimesimama asubuhi nzima karibu na mashine ya kusaga, Unyambwa, ninakofikia kwa shangazi Dorkas. Maisha yakaja kweli: Mzee Damiani, mwenyekiti wa mtaa, na wanaume wanne! Kauliza mwenyeji wangu ni nani, na mbona sikupelekwa kwake kutambulishwa. Shangazi kaitwa, mikono imejaa unga. Kaomba radhi mara tatu. Kurudi nyumbani kanitangulia kwa hatua ndefu. Fredrick ndiye aliyenichongea, nina uhakika. Karibu uhakika.

Alhamisi, 11 Julai
Shangazi kanishauri nianze na shikamoo, nikae, ninywe uji nikipewa, picha baadaye. Nikamjibu kwamba huko ni kuposa, si kupiga picha. Siri ya tatu: vaa usionekane. Koti jeusi, kofia hadi kwenye nyusi. Watoto wamenifuata barabara nzima wakipiga kelele. Lakini picha saba! Jumla kumi na mbili.

Ijumaa, 12 Julai
Mama Anastazia kazipanga mezani. Kanga tano. Watu saba wanaoitazama kamera kama wameona nyoka chumbani. Halafu za Fredrick: yule bibi anacheka hadi jino la mwisho, kuku kalala mapajani. Kazi kapewa Fredrick. Nimelia nyuma ya studio. Nimelia sana.

Jumamosi, 13 Julai
Fredrick kaja Unyambwa. Kamwamkia shangazi, kapewa kiti kizuri. Anasema kazi ni nyingi, kamwomba Mama Anastazia aongeze mtu wa pili, naye kakubali. Nianze Jumatatu. Kanishika mkono huku anatabasamu. Mtu ashinde, kisha amtafutie kazi aliyeshindwa? Mtego mtupu! Nimemwambia nimepata kazi kubwa kwingine. Shangazi kaacha kupepeta mtama, kamsindikiza Fredrick hadi barabarani. Jumatatu nitajibanza ng'ambo ya studio nione ni nani watampa nafasi hiyo ya pili. Huyo ndiye waliyemtaka tangu mwanzo.