Kadi za Bima Mbele ya Wageni

Mheshimiwa Mwenye Kiwanda, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na kimefutwa vumbi. Mheshimiwa Mama Mwenye Kiwanda, uliyetuazima kitambaa cha meza. Wageni wetu watukufu, wanunuzi wa sare zetu, mliokubali kuketi mbele kwenye viti vyenye mito. Ndugu Meneja Uzalishaji. Ndugu Msaidizi wa Meneja Uzalishaji. Wasimamizi wa cherehani, wa pasi na wa vifungo, kila mmoja kwa cheo chake. Na ninyi wengineo mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Msimamizi wa pasi anawaashiria wafanyakazi waendelee kupiga.)

Mimi, Meneja wa Rasilimali Watu na Mwenyekiti wa Kamati ya Mchakato wa Bima, kamati niliyoiunda, nikaiongoza na kuipongeza mwenyewe, baada ya warsha saba, semina elekezi mbili na pawapointi moja ambayo umeme ulikatika tukiwa kwenye ukurasa wa jina langu, nimekuja kujibu swali mnalonong'onezana huko kwenye korido: kwa nini mwajiri mwenye akili timamu amkatie mfanyakazi bima ya afya?

(Sauti kutoka nyuma: "Kwa sababu tunaumwa!" Kicheko.)

Hapana, dada wa vifungo. Ingekuwa ni kuumwa tu, tungewapa pole, kama tulivyofanya miaka yote. Sababu ni za kitaalamu. Kwanza, mwenye bima hahami: kiwanda cha ng'ambo ya barabara kilipotangaza bima, mafundi wetu kumi na mmoja walivuka wakiwa bado wamevaa aproni zetu, na aproni hizo hatujaziona mpaka leo. Pili, mtu mzima wa afya hakosei kazi, tofauti na yule aliyeshona na homa akaweka mfuko wa shati mgongoni, mashati mia mbili, tukayapeleka hivyo hivyo. (Msimamizi wa cherehani anakohoa kwa nguvu.) Tatu, utafiti wa kina, nilioufanya ofisini kwangu mlango ukiwa umefungwa, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wafanyakazi wenye bima hutabasamu wakiwa kazini. (Wageni wanaandika.)

(Fundi mkasi, mkata vitambaa, ananyoosha mkono: "Samahani, mkubwa. Mke wangu ana uvimbe shingoni, na leo ndiyo zamu yake ya kupasuliwa. Kadi mliyonipa asubuhi nimempa, na sasa hivi yuko nayo hospitali. Wataipokea?")

Swali zuri sana! Mpigieni makofi! (Makofi.) Kupokelewa kwa kadi, mzee wangu, ni suala mtambuka, linalohitaji kutazamwa kwa jicho pana, kwa kuzingatia wadau wote wa ndani na wa nje, pamoja na hali ya hewa.

("Mkubwa, mimi nauliza wataipokea au hawaipokei? Yuko kwenye foleni.")

Subira huvuta heri, mzee wangu. Wageni wetu, mnauona uwazi ulivyo katika kiwanda hiki? Mfanyakazi anauliza mbele za watu na hakuna anayemfukuza! (Wageni wanatikisa vichwa kwa furaha. Mkubwa wao anatia tiki kwenye fomu, wanapeana mikono na Meneja wa Rasilimali Watu, wanaingia kwenye gari. Lango linafungwa.)

Wameondoka? Mlinzi, hebu chungulia vizuri. Wamekata kona? Haya. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi leo tumepona, kwani fomu yao ilikuwa na kisanduku kimoja kinachouliza kama wafanyakazi wana bima, na kisanduku hicho sasa kina tiki. Huo ndio mradi wenyewe, ndugu zangu, na umekamilika kabla ya wakati! Afya kwanza! (Wachache: "Kwanza!") Kazi zaidi! (Wafanyakazi wanazigeuzageuza kadi zao.)

Kabla hamjarudi kwenye mashine, kadi zote zirudishwe mapokezi. Ni zile za kantini za mwaka jana, tumebandika juu yake karatasi ya kijani; hakuna kampuni ya bima iliyozitoa wala hospitali inayozijua. Msizichubue, maana kuna wageni wengine mwezi ujao.

Namshukuru Mwenye Kiwanda kwa kiti chake, na kipekee nakushukuru wewe, fundi mkasi, kwani swali lako liliwaridhisha wageni kuliko hotuba yangu. Kwa mchango huo nakupa ruhusa maalumu ya dakika tano umpigie shemeji simu, umwambie atoke kwenye foleni kabla hajafika dirishani.

Asanteni kwa kunisikiliza.